Kitabu cha Krismasi: Ni Zawadi au Ni Onyo?

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu yakaribia, na katika nyumba nyingi za Wakristo fedha imekwisha kuhesabiwa. Fungu hili ni la mchele na nyama, fungu hili ni la nguo za watoto, na fungu la tatu limefichwa chini ya sanduku kwa ajili ya mahitaji ya shule, maana mwezi wa Januari hausahau kuja. Katika hesabu hiyo ni mara chache kumsikia mtu akisema, "Na hili ni la kitabu cha kumpa fulani." Basi mwezi huu twapenda kunena na wasomaji wetu habari ya fungu hilo dogo. Hatusemi kwamba kila mtu ampe kila mtu kitabu, wala hatuwalaumu wanunuao kanga na viatu. Twataka kuuliza neno moja tu, nalo si jepesi kama lionekanavyo: tumpapo rafiki au ndugu yetu kitabu siku ya Krismasi, twampa kitu gani hasa? Je, twampa zawadi, ama twampa onyo lililofungwa katika karatasi nzuri?

Swali hili haliulizwi juu ya sukari. Mtu akipewa kilo mbili za sukari atashukuru, ataikoroga katika chai, na habari imekwisha. Sukari haina maneno. Lakini kitabu kina maneno, na kila kitu chenye maneno chaweza kumwambia mtu jambo ambalo mtoaji hakuthubutu kulisema kwa kinywa chake. Wanawake wa pwani, na wa bara pia, waijua sana habari hii, kwa kuwa kanga nayo husema. Mwanamke akiletewa kanga na wifi yake, kwanza hutazama rangi zake, kisha husoma jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo. Yakiwa maneno ya upendo, huivaa siku ile ile. Yakiwa maneno ya mafumbo, huikunja na kuiweka, akajiuliza usiku kucha, "Je, mimi ndiye niliyesemwa?" Kama maneno manne au matano ya kanga yaweza kumkosesha mtu usingizi, itakuwaje kitabu chenye kurasa mia?

Tuchukue mfano. Wako ndugu wawili, wana wa mama mmoja, waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Mwaka mzima hawakula pamoja. Krismasi yaja, na yule mkubwa asema moyoni, "Nitampelekea mdogo wangu zawadi." Aenda mjini, anunua kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1952. Wengi wetu twakijua: ni hadithi ya mtu mwema aliyehusudiwa na ndugu zake wawili, wakamtenda uovu, hata wakageuzwa kuwa manyani. Mdogo akipokea, akisoma mpaka usiku wa manane, na afikapo penye manyani afahamu. Kaka yake ni Adili, naye ni nyani. Tangu siku ile ugomvi uliokuwa wa mpaka wa shamba umekuwa ugomvi wa mambo mawili.

Sasa tutazame upande wa pili. Kitabu kile kile chanunuliwa na shangazi kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na minne, apendaye hadithi za majini na za safari za mbali. Kijana akisoma chini ya mwembe, na chakula chake chapoa. Amefurahi, tena katika furaha yake amejifunza habari za husuda pasipo mtu kumnyoshea kidole. Kitabu ni kimoja, maneno ni yale yale, hata bei ni moja. Kilicho mbalimbali ni nia ya mtoaji. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kitabu ni kizuri. Yafaa kuuliza pia mtoaji alimtazama mwenzake kwa macho ya namna gani alipokuwa akikichagua.

Mtu atasema, "Je, ndugu akosaye asionywe?" Aonywe, tena ni wajibu wetu. Lakini Bwana wetu, kama tusomavyo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 18, alitufundisha namna ya kuonya: mtu amwendee ndugu yake, wakae wao wawili peke yao, amweleze kosa lake. Njia hiyo yataka ushujaa, maana yule uliyemwendea aweza kukujibu, naye aweza kukuonyesha kosa lako pia. Kitabu hakijibiwi. Amwonyaye mwenzake kwa kitabu amesema, kisha amekimbia. Tena ameifanya siku ya furaha kuwa ngao yake, kwa kuwa aliyepewa hawezi kuikataa zawadi mbele ya wageni asionekane mtu asiye na adabu. Mume apewaye na mkewe kitabu cha ubaya wa pombe mbele ya wakwe zake, au mke apewaye na mumewe kitabu cha kufundisha usafi wa nyumba, hao hawakupewa zawadi. Wameaibishwa, tena wamelazimishwa kusema ahsante.

Liko na kosa la pili, nalo ni la mtoaji ajitazamaye mwenyewe. Babu asoma Kiswahili vizuri, kwa miwani yake, pole pole, akifuata mstari kwa kidole. Mjukuu wake amletea kutoka mjini kitabu kinene cha Kiingereza, chenye jalada gumu na herufi za dhahabu. Wageni wastaajabu, wasema, "Lo! Kijana huyu ameelimika kweli." Kitabu chawekwa juu ya kabati karibu na picha ya harusi, nacho chakaa hapo mpaka mende wakitoboe. Babu hakupewa kitu. Mjukuu alijipa sifa mwenyewe, akamwachia babu kazi ya kuitunza.

Na kosa la tatu ni la yule asiyemtazama mtu ye yote. Afika dukani jioni ya mkesha, achukua kitabu kilicho karibu na mkono wake, awe atakipa mtoto au mzee, msichana au fundi wa baiskeli. Wahenga walisema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi." Ni kweli, maana hasira haina haja ya kuchagua. Lakini neno hilo twaweza kuligeuza, tukapata fundisho jingine: akupendaye hana budi kukuchagulia zawadi. Kuchagua ni kumkalia mtu kimya, na kumfikiri: apenda nini, acheka kwa nini, jioni akiketi huzungumza habari gani, macho yake yaona herufi za kadiri gani. Asiyeweza kuyajibu hayo juu ya rafiki yake, na aanze kwa kumtembelea kabla ya kwenda dukani.

Tukumbuke wale Mamajusi, ambao habari zao twazisoma kila mwaka majira haya. Walileta dhahabu na uvumba na manemane. Tangu zamani walimu wa Kanisa wameeleza kwamba dhahabu yampasa mfalme, uvumba wampasa Mungu, na manemane ni ya maziko. Basi zawadi zile hazikumwambia Mtoto afanye nini. Zilisema yeye ni nani. Hapa twadhani tumepata kanuni: zawadi humtambua mtu, na onyo hutaka kumgeuza. Kila mmoja wetu ahitaji yote mawili katika maisha yake, walakini si saa moja, wala si katika karatasi moja.

Lakini kanuni hii haijasimama imara bado, maana liko jambo katika lugha yetu wenyewe litakalo kuiangusha. Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa umetimiza mwaka. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, aje akae karibu naye na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa beti mia na zaidi. Baada ya miaka kama miwili akafariki. Na katika utenzi ule mlikuwa na nini? Mlikuwa na mafundisho tangu mwanzo hata mwisho: ashike dini, awe na adabu, autunze ulimi wake, akae vema na mumewe na watu wote. Yeye alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo. Tena yako maagizo aliyomwagiza binti yake ambayo wanawake wengi wa leo hawatayakubali. Lakini hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba utenzi ule haukuwa zawadi. Ulikuwa zawadi kubwa, hata sisi tusio wa nyumba yake twaushiriki mpaka leo.

Kwa nini basi mafundisho ya mama yule ni zawadi, na mafundisho ya ndugu yule mwenye shamba ni fimbo? Twafikiri jibu ni hili. Mama yule alijitia mwenyewe ndani ya kile alichokitoa. Hakusimama juu ya binti yake kama hakimu. Alikuwa kama mtu afunguaye sanduku lake kabla ya safari, akimwonyesha mwanawe kila kilichomo na jinsi kilivyomfaa. Alisimulia hata jinsi alivyokaa na mume wake mwenyewe. Maneno yake yalimgharimu, maana aliyatoa katika nguvu chache zilizomsalia. Yule ndugu mkubwa hakugharimiwa kitu ila bei ya dukani. Hakuyatumia maneno ya kitabu kwa nafsi yake hata siku moja, aliyatuma tu yaende kwa mwenziwe kama vile mtu amtumavyo askari.

Kwa hiyo yatupasa kuitengeneza kanuni yetu. Si kila kitabu chenye mafundisho ni onyo. Kitabu cha mafundisho chaweza kuwa zawadi, iwapo mtoaji amekisoma kwanza, naye amekaa chini yake kama mwanafunzi. Basi mtu ajipime hivi. Kabla ya kukifunga kitabu, ajaribu kusema kwa sauti, "Kitabu hiki kimenifaa mimi." Kama aweza kusema hivyo kwa kweli, na akitoe bila hofu. Lakini kama neno limjialo kinywani ni, "Kitabu hiki kitamfaa yeye," naye hajui yaliyomo ila kwa jina la jaladani, basi akirudishe mahali pake, anunue sukari. Sukari haitamdhuru mtu, na urafiki utabaki.

Hata hivyo mtoaji mwenye nia njema asidhani kwamba atauona mwenyewe mti aliouotesha. Zawadi ya kitabu ina njia zake. Katika Uingereza, karne ya 17, alikuwako fundi wa kuziba masufuria jina lake John Bunyan, wa kijiji cha Elstow karibu na mji wa Bedford. Alipooa, yeye na mkewe walikuwa maskini kabisa. Mwenyewe aliandika kwamba hawakuwa na chombo cha nyumbani, hata sahani au kijiko. Lakini mkewe alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake alipokufa, vyote viwili vya kufundisha maisha ya kumcha Mungu. Bunyan akaanza kuvisoma pamoja na mkewe. Asema kwamba havikuufikia moyo wake mpaka ndani, ila vilimtia hamu. Miaka ikapita, hamu ile ikakua. Akawa mhubiri, akatiwa gerezani tangu mwaka 1660 hata 1672 kwa kuhubiri pasipo ruhusa ya serikali. Mwaka 1678 kikatoka kitabu chake cha safari ya Mkristo aelekeaye mji wa mbinguni, ambacho kimefasiriwa kwa lugha nyingi sana, na Kiswahili kimo.

Tulitafakari jambo hilo. Yule mzee, baba wa mke, hakumpa Bunyan kitu. Alimwachia binti yake vitabu viwili, naye akafa. Kama angalikuwa hai, akamjia mkwewe na kitabu mkononi, na kumwambia, "Soma hiki, maana mwenendo wako si mzuri," labda Bunyan, aliyekuwa kijana wa matusi mengi kama asemavyo mwenyewe, angalikitupa kwa mbali. Lakini vitabu vilikuwa vimewekwa tu nyumbani, mahali pasipo sahani, na jioni ni ndefu. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenye kutoa kitabu na akitoe hivyo, kama mtu apandaye mnazi, asijue ni nani atakayekunywa dafu lake.

Hapa wengine watatujibu, "Mwalimu, maneno yako ni mema, lakini watoto wetu hawana nguo." Neno hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Mtoto aendaye kanisani siku ya Krismasi na shati lililochanika huona haya, na haya ya mtoto ni maumivu kweli. Lakini tumtazame mtume Paulo. Katika Waraka wake wa pili kwa Timotheo, mlango wa 4, yeye yu kifungoni, na majira ya baridi yaja. Amwomba Timotheo amletee vitu vyake. Avitaja: joho alilokuwa ameliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Twapenda sana kuona ya kuwa vitu hivyo vyatajwa pamoja. Paulo hakusema kwamba mtu wa Mungu hahitaji nguo. Baridi ni baridi, hata kwa mtume. Wala hakusema kwamba mtu mwenye kutetemeka hana haja ya vitabu. Mwili wake ulitaka joho, na nafsi yake ilitaka vitabu, naye aliomba vyote viwili katika mstari mmoja. Basi ikiwa fedha ni ya shati moja tu, na inunue shati. Lakini nyumba ambayo kila mwaka hupata fedha ya shati la pili, na ya soda, na ya fataki, hata miaka kumi isipate ya kitabu kimoja, hiyo haikuzuiwa na umaskini.

Wengine hudhani kwamba kupeana vitabu ni desturi ya watu matajiri. Tuwape habari za nchi moja. Aisilandi ni kisiwa cha baridi katika bahari ya kaskazini, na watu wake wote hata leo hawafiki 400,000. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vitu vingi vya kutoka nchi za nje vilikuwa adimu huko, kwa kuwa serikali ilizuia kuviingiza. Karatasi ilipatikana kwa wepesi kuliko vitu vingine. Basi watu waliokosa zawadi nyingine wakapeana vitabu. Tangu mwaka 1944 wachapaji wa nchi ile hutoa orodha ya vitabu vipya kabla ya Krismasi, na kwa miaka mingi orodha hiyo ilipelekwa nyumba kwa nyumba. Vita vikaisha, vitu vya madukani vikarudi, lakini desturi ikabaki. Jioni ya tarehe 24 Desemba wafungua zawadi zao, na wengi humaliza usiku ule wakisoma. Kwa hiyo msimu ule wauita mafuriko ya vitabu.

Twaona mambo mawili katika habari hii. La kwanza, desturi yao ilianza katika siku za uhaba, wala si katika siku za wingi, na hapo twaikumbuka mithali yetu kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. La pili, lugha yao ni ya watu wachache mno, na vitabu vile vimesaidia kuitunza. Kiswahili chasemwa na makumi ya mamilioni ya watu, lakini mwandishi wa Kiswahili aweza kukaa miaka na vitabu vyake vikiwa katika maboksi chini ya kitanda. Ampaye rafiki yake kitabu cha Kiswahili, au cha lugha ya mama yake, amewapa wawili zawadi: aliyesoma na aliyeandika.

Sasa tuseme machache juu ya kuchagua kwenyewe, kwa faida ya wale waliokwisha kukata shauri.

Kwa mzee, tuangalie macho yake kwanza. Biblia au kitabu cha nyimbo chenye herufi kubwa ni rehema kwa mtu aliyeacha kusoma kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya moyo. Tena wazee hupenda habari za kale zilizo karibu nao. Kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934, chaeleza habari za watu waliotekwa, wakakombolewa, wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Mzee akisomewa kitabu cha namna hiyo hasikii tu, bali huanza kusimulia yeye mwenyewe, na hapo nyumba imepata vitabu viwili.

Kwa mtoto, twasihi sana: asipewe kitabu cha mtihani kiwe zawadi yake ya Krismasi. Kitabu cha mtihani ni jembe. Jembe ni jema, na baba amnunulie mwanawe, lakini amnunulie Januari. Siku ya Krismasi apewe hadithi yenye wanyama na safari na kicheko. Mtoto ambaye kila kitabu alichopata kuona maisha yake kilikuwa cha kumpima, siku atakapomaliza shule ataviacha vitabu vyote kama mfungwa aachavyo nguo za gereza.

Na kwa yule asiyejua kusoma? Wako mama na bibi wengi wa namna hiyo vijijini mwetu, na watu huwaruka, wakiwapa kitenge tu, wakidhani kwamba kitabu hakiwahusu. Hapo ndipo twaikumbuka habari ya yule Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8, aliyekuwa akisoma garini mwake asielewe. Filipo hakumpa maelezo kwa mbali, bali alipanda garini, akaketi pamoja naye. Bibi na apewe kitabu pamoja na mtu wa kuketi naye. Mjukuu aandike katika karatasi ndogo kwamba atamsomea jioni tatu kila juma mpaka kitabu kiishe, kisha aitimize ahadi yake. Zawadi hiyo ni ghali kuliko kitenge, maana mjukuu hawezi kuipata dukani.

Mtu asiyeweza kununua kitabu kipya asione haya kutoa kilichokwisha kusomwa. Akifute vumbi, akitie jalada la karatasi safi, ashone kurasa zilizolegea. Kitabu ambacho mtoaji alikipenda hata kikachakaa kimekwisha kujibu lile swali letu la kwanza: hakuna awezaye kudhani kwamba ni onyo.

Na kitabu kikiisha kutolewa, kiachwe. Neno hili ndilo gumu kuliko yote. Baba asimwite mwanawe siku ya tatu amwambie, "Haya, nieleze yaliyomo." Sisi walimu twalipwa mshahara kwa kazi ya kutahini, na baba asiifanye bure katika siku za sikukuu. Rafiki asiulize kila akutanapo na mwenzake, "Umefika ukurasa gani?" Labda kitabu kitakaa mwaka mzima rafuni. Labda ataazimwa jirani, na jirani ndiye atakayekisoma, kama vitabu vya yule binti vilivyosomwa na mumewe. Aliyetoa kitu kisha akakishika mkia hajakitoa bado.

Basi, ndugu wasomaji, zimebaki siku chache. Tuwakumbuke wale tutakaowapa, mmoja mmoja kwa jina lake, kabla hatujafikiri kitabu. Na tukiisha kukipata, tukifungue ukurasa wa kwanza ulio mtupu, tuandike kwa kalamu jina lake, na jina letu, na mwaka, na maneno machache ya kumweleza kwa nini tulimkumbuka yeye tulipokisoma. Kama hatuna neno la kuandika hapo, tusikitoe kwanza. Tukae nacho siku mbili tatu, tukisome sisi wenyewe.

Twawatakia nyote Krismasi ya amani.